Fundi Asiyetazama Mtu Usoni

Miaka yote bibi alikuwa hamsemeshi fundi kompyuta wa pale kona. Ndiye aliyepokea kompyuta ya marehemu binti wa bibi, imejaa picha zake, akairudisha debe tupu. "Ilishakufa yenyewe, mama. Maji yakimwagika hayazoleki," alisema, macho chini. Mtu gani yule! Ukimuuliza kitu, kwanza apulize vitufe, afute kioo kwa pindo la shati hata kama kinang'aa, ndipo akujibu kwa sauti ya msibani. Na vile vidole vyake vyembamba, vinagusa mashine kama vinaiomba radhi.

Sasa mjukuu, mtoto wa marehemu, akataka laptop ya kazi zake za kila siku na ya kuandikia programu, na iliyomfaa ilikuwa kwa fundi huyo huyo. Bibi akamsindikiza mjukuu, midomo kaikaza. Fundi akaleta ile ghali kuliko zote, akapuliza, akafuta. "Hii, binti, kila kitu chako kinakaa mtandaoni. Hata ikifa leo, ukifungua nyingine unavikuta vyote."

"Kumbe!" bibi akadakia. "Na vya mama yake viko wapi?"

Mkono ukasimama juu ya kioo. Fundi akainua uso, na bibi akayaona macho yake kwa mara ya kwanza.

"Haikuwa imekufa, mama. Picha nilizifuta mimi, kwa haraka zangu. Nikaogopa kukwambia."

Bibi akavuta kiti, akaketi. "Sema tena," akamwambia, "na safari hii mtazame mtoto wake."