Ua la baridi kwenye kikuba cha bi harusi

Admin, jina langu nifichie, na ukiulizwa mtaa sema tu Maskati. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, Mwomani, wazee wangu walitoka Unguja. Niliolewa nikaachika, sina mtoto, naishi na mama yangu mzazi. Nayataja haya mapema kwa sababu ndiyo niliyohukumiwa nayo.

Nafanya kazi kwenye kitalu cha maua, upande wa Rusayl. Tunauza miche ya bustani za msimu wa baridi, maana huku kwetu bustani hupumua miezi hiyo tu, kiangazi kila kitu kinaungua. Safari hii bosi alileta ua jipya kutoka Ulaya, wenyewe wanaliita heleboro. Kwao huchanua kwenye theluji. Lile la zamani huinamisha kichwa, lakini hili ni chotara, limezalishwa kwa kuchanganya aina mbili, na linakutazama usoni: jeupe, ukingo wa zambarau. Zuri, sikatai. Ila utomvu wake ukigusa ngozi hubabua, na ukila ni sumu. Sisi hulikata kwa glavu. Nikapewa chungu kimoja nikakijaribu nyumbani, tuone kama kitastahimili hii baridi yetu ya kubembeleza. Nikakiweka chumbani kwangu penye kiyoyozi, nikamwambia mama, "Hili usiliguse, linaunguza." Akasema, "Nimesikia, mwanangu."

Mama yangu ni mfungaji wa vikuba. Kwa asiyejua, kikuba ni kishada cha asumini, waridi na rehani, bi harusi hubandikwa kifuani. Watu wetu hapa wakiozesha, kwanza humuuliza mama kama ana nafasi, halafu ndiyo wanapanga siku. Na ana sharti lake: akishafunga hukifunika kwa kitambaa kibichi, kilicholoweshwa maji, na hakifunuliwi mpaka kifike kwa bi harusi, harufu isitoke njiani. Hakuna anayethubutu kulivunja, hata mimi.

Sasa siri yenyewe. Mama anasahau. Si kusahau funguo. Huniuliza baba kachelewa wapi, na baba tulishamzika. Siku moja akili ilimrudia, akanishika mkono akaniambia, "Nnajijua, nnapotea. Kaka yako na mkewe wasijue. Nisitiri, mwanangu." Nikamuahidi. Tangu hapo wageni wakija mimi namalizia maneno yake, kaka akipiga simu nakaa ubavuni kwake namnong'oneza majina ya wajukuu. Watu husema mama yenu mashaallah bado mzima. Nami nacheka nao.

Msimu huu wa baridi binti wa kaka yangu akaolewa. Asumini ya baridi ni haba, na ile tuliyoletewa haikutosha. Mama alifunga kikuba asubuhi, mimi nikihangaika na pasi chumba cha pili. Nikalibeba sinia la kikuba na kitambaa chake, nikalifikisha.

Bwana harusi hajaingia, mtoto wetu, bi harusi, akaanza kujikuna, anasema kifua kinamuwaka. Wanawake wakamtania kwamba hiyo ni hofu ya mume. Mpaka yalipotoka malengelenge, kutoka shingoni hadi kifuani. Nikakifumua kile kikuba. Katikati ya asumini yalikuwemo maua yangu, yamepondeka kwa uzi, yanatoa maji.

Hospitali daktari aliuliza amegusa nini. Ningefanyaje? Nikasema, "Ni ua langu la kazini, utomvu wake unababua." Wifi yangu akanigeukia palepale. "Kumbe ni wewe. Mama kikuba hawezi kukikosea. Ua lako, sinia umelibeba wewe. Huna mume, huna mtoto, umeona uchungu kwa wangu." Kaka yangu alisema neno moja tu, "Hasidi." Nimetukanwa maishani, lakini lile neno la kaka bado linaniuma.

Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Mama alipopata habari alilia, kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu kakukosea nini? Hivi ndivyo nilivyokulea?" Hakumbuki kabisa. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimevimba, na mimi ndiye niliyekuwa navipaka dawa huku akinilaani. Kaka alipoviona nikamwambia ni mafuta ya kukaangia. Nimejifunga kitanzi kwa mkono wangu, najua.

Mtoto amepona, lakini shingo imebaki na mabaka meusi na shela haivui hata kwa mumewe. Amenitumia ujumbe wa sauti: "Shangazi, niambie tu kwa nini, ntakusamehe." Sijaujibu. Kila nikiusikiliza nalia.

Na sasa kaka ameamua kumchukua mama akaishi kwake Qurayyat. Anasema hawezi kumuacha na mtu anayefuga sumu ndani. Nyumba ile asubuhi wote wanatoka, kazini na shuleni. Mama huwasha gesi akaenda kulala. Dawa ya presha hunywa, akasahau, akanywa tena. Mimi nayajua haya, wao wanajua anafunga vikuba tu. Wifi ameshafurahi, binti yake mdogo naye kaposwa, anasema safari hii bibi atafungia palepale nyumbani na hakuna mkono mbaya utakaopita.

Nikisema ukweli, nimemvua mama nguo mbele ya ukoo mzima, baada ya yeye kuniomba kitu kimoja tu. Na huenda nisiaminike, wataniona hasidi niliyemgeukia mpaka mama yangu. Nikinyamaza, anakwenda kwenye nyumba ambayo hakuna anayejua kama amepotea.

Leo amefungasha begi lake mwenyewe. Ametia uzi, mkasi na kitambaa cha kufunikia, halafu akaniuliza, "Harusi ya nani, mwanangu?" Nishaurini, nifanye nini? Ila msiniambie nisubiri. Kaka anakuja Ijumaa, na Ijumaa ni keshokutwa.