Noeli ya Rumonge: Baba mdogo kachinja mbuzi, shemeji yuko njiani

Wakuu wa baraza hili, amahoro. Mwenye njaa anisamehe mapema, maana kisa hiki kina chungu cha nyama ndani.

Haya yalinikuta mwenyewe, kwetu Rumonge. Najua mnanijua kwa kutia chumvi. Leo chumvi iko pembeni kidogo tu, nyama yenyewe ni kweli tupu.

Mimi ni mhitimu wa shule ya usiku ya misheni, niliyesoma kwa kibatari cha mawese mpaka nyusi zikaungua. Wakati huo nilikuwa nabeba mizigo kwenye bohari moja Usumbura, chini ya boma la Mdachi. Noeli ilipokaribia nikaomba ruhusa, nikapiga mguu. Kijiji cha Kabezi nilikipita mbio, hata mbwa hawakuwahi kubweka.

Kilichonikimbiza ni dada yangu Zaina.

Zaina aliolewa na Ramadhani, muuza mawese, Mwislamu wa hapo hapo Rumonge, dada naye akasilimu. Baba yetu alikwisha kufa, kwa hiyo mkubwa wa nyumba ni baba mdogo. Tangu harusi ile hajawahi kula sahani moja na shemeji. Hakumtukana, hapana. Alimwita "mgeni" tu. Watoto wamezaliwa, wanatembea, baba yao bado mgeni!

Sasa kaka yake Ramadhani alikuwa anamwita akaishi Ujiji. Mtumbwi umepatikana. Zaina akamwambia mama waziwazi: "Mume wangu amesema, tukija Noeli tukakalishwa tena kama wageni, tunashuka Ujiji na watoto. Hatutarudi."

Mama hakulala vizuri tangu siku hiyo.

Mpango ukawa mmoja: mbuzi asiguswe mpaka Ramadhani afike, amchinje yeye, ili watu wote wale. Jambo hilo pwani yetu hii ya ziwa kila mtu analijua. Mbuzi wenyewe wanalijua.

Asubuhi ya Noeli natoka kusali, nakuta chungu kinatokota.

Baba mdogo anafuta kisu kwa jani la mgomba, uso umejaa furaha.

"Mutoto wangu, nimewasaidia kazi. Mbuzi iko kwa moto."

"Baba mdogo! Si tulisema tumngoje shemeji?"

"Tangu lini mgeni anangojewa aje achinje kwa watu?" Kisha akashusha sauti. "Wewe nyamaza. Nyama ina mdomo? Nani atamwambia?"

Wakuu, moyo ulidunda mpaka Wabelgiji ng'ambo ya ziwa walidhani tunapiga ngoma.

Sikukaa tena. Naenda barabarani kuangalia kama wanakuja. Narudi jikoni. Naenda tena. Majirani wanapita, nawapigia mzaha, mzaha wenyewe unatoka mkavu kama samaki ndagala wa juzi. Mama akaniambia, "Kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Wakaja.

Ramadhani kavaa kanzu nyeupe, Zaina na watoto nyuma yake. Mkononi ana kisu, kakifunga kwa kitambaa safi. Alikuja tayari kufanya kazi yake.

"Amahoro, mama. Mbuzi yuko wapi?"

Baba mdogo akatazama miguu yake. Mimi nikafungua kinywa nilete mzaha wowote ule, mama akanitangulia.

"Mwanangu, mbuzi amechinjwa asubuhi, na si kwa mkono wako. Sitakuficha."

Zaina akawashika watoto mikono. Mnajua mama anavyoshika watoto akitaka kuondoka? Ndivyo.

Mama hakumzuia. Aliingia jikoni, akaepua kile chungu, akakitua mbele ya baba mdogo uani. "Shemeji yangu, nyama yako hii. Sisi tunakula maharage."

"Maharage? Siku ya Noeli?"

"Maharage hayachinjwi."

Akatoa chungu kipya, akamwaga maharage kwenye ungo, akaanza kuchagua mawe. Kisha Ramadhani akakunja mikono ya kanzu, akachuchumaa pembeni yake, naye akachagua.

"Ujiji maharage yapo?" mama akamuuliza.

"Yapo, mama. Wa kuchagua naye ndiye hakuna."

Zaina akaachia mikono ya watoto.

Maharage yale yalichukua muda wa kujenga kanisa. Lakini tulipoyapakua na mawese na ugali wa muhogo, mkeka ulijaa. Huko uani baba mdogo yuko peke yake na mbuzi mzima. Alitafuna vipande viwili, akaacha.

Akaja akasimama mlangoni. "Yanatosha?"

Ramadhani akasogea, akampa nafasi. Baba mdogo akakaa, mkono kwenye sahani ile ile. Akala tonge la kwanza, la pili, ndipo akasema bila kumtazama mtu:

"Ramadhani, nina mbuzi mwingine kule Kigwena. Uje umchinje."

Zaina akadakia, "Safari hii tutakufunga kamba wewe, baba mdogo, mbuzi tumwache!"

Tulicheka mpaka chikichi za watu zikadondoka.

Mtumbwi wa Ujiji uliondoka. Zaina, mumewe na wanawe hawakuwamo.

Nilichojifunza: furaha ya sikukuu haikai nyumba moja na siri. Tungemficha shemeji, tungeshiba nyama na kumpoteza dada.

Haya wakuu, uwanja wenu. Ungekuwa wewe mlangoni pale, ungesema kweli kama mama, au ungengoja kwanza watu washibe? Na mwenye baba mdogo kama wangu atuambie: mnamchungaje?