Kitabu Kilichotekwa na Mtani

Asubuhi ile honi ya treni ndiyo iliyoniamulia. Nilikuwa nimetoka nyumba ya wageni na begi mgongoni, nimesimama njia panda karibu na soko la Tabora nikitafuna muhogo wa kuchoma, sijui kama niende Nzega au Sikonge. Honi ikalia upande wa stesheni, nami nikageuza miguu. Ndivyo ninavyosafiri tangu nilipoacha shule kidato cha pili: nasikia kitu, nakifuata.

Begini mlikuwa na shati moja, shuka, na vitabu vitatu nilivyonunua kwa mama mmoja anayeuza vitabu vikuukuu pamoja na vyungu. Kimoja cha upelelezi, kimoja cha watu wanaosafiri katika chombo cha angani, na kimoja cha vita. Mwalimu wangu wa mwisho alikuwa akitunyang'anya vitabu vya namna hiyo. Alisema ni vya kupoteza muda, bunduki na vyombo vya ajabu tu. Mimi bunduki huwa nazipita haraka. Natafuta kilicho chini yake.

Kile cha upelelezi, kwa mfano. Nilipofika katikati niligundua kwamba mji mzima unamjua muuaji, isipokuwa mpelelezi. Basi kitabu hakihusu mauaji hata kidogo. Kinahusu watu waliokubaliana kunyamaza, na jinsi ukimya unavyowafanya waogope kusalimiana. Cha angani nacho nilikisoma Kwihara, nimekaa ukingoni mwa ile njia ya zamani ya misafara, si mbali na tembe la kale la udongo ambalo wageni hupelekwa kulitazama. Humo waliofunga safari wamekwisha kufa, na watakaofika bado hawajazaliwa. Waliomo chomboni kazi yao ni kufagia korido na kutunza taa zisizimike. Niliposoma hapo nikashindwa kuendelea kukaa. Niliinuka nikazunguka peke yangu kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Wapagazi wangapi walipita njia hii na pembe za ndovu mabegani, wasiojua zilikotoka wala ziendako, kila mmoja akijua kipande chake tu cha njia? Kitabu cha nyota kumbe kinazungumza habari za Kwihara.

Cha vita ndicho kilichokuwa kikiniwasha siku ile. Kilikuwa kinahusu dereva wa lori la jeshi ambaye hapigi risasi hata moja. Anabeba unga na mablanketi. Utingo wake amebaki ng'ambo ya daraja akilinda mzigo, na daraja linakaribia kulipuliwa. Je, dereva atamrudia? Nami nimewahi kuwa utingo, nimewahi kuachwa porini na mzigo nikiambiwa "tunarudi sasa hivi". Nilikuwa nimebakiza sura ya mwisho.

Nilipanda treni ya kuelekea Kigoma, nikakaa dirishani, nikafungua sura yenyewe kabla hatujaondoka. Jirani yangu alikuwa mama wa makamo, amezungukwa na robota la vitenge, kiroba cha chumvi na madumu matupu yanayonukia asali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi mtu wa wapi.

Kosa langu lilikuwa kujibu ukweli.

"Kisarawe, mama. Mzaramo."

Uso wake ukabadilika kama mtu aliyeokota kuku njiani. "Mzaramo? Na unakaa na mimi Mnyamwezi bila kuomba ruhusa? Mtani wangu huyu!" Kabla sijafunga mdomo, kitabu kilikuwa mikononi mwake. Akakifunga, akakifutika ndani ya kanga kiunoni.

"Mtani, nimebakiza kidogo tu."

"Kidogo chako ndicho kikubwa changu. Watu wa ngoma nyinyi, mnasoma saa ngapi? Shamba linaota majani, Mzaramo anamcheza mwali."

"Na nyinyi mnaokula michembe, viazi vyenu vya kukausha, kitabu mtakifanyia nini? Mtakichemsha?"

"Tutakichemsha, tukitwange na karanga."

Utani wetu na Wanyamwezi ni wa njia hiyohiyo ya misafara. Walikuwa wanashuka pwani na mizigo, wanalala kwetu, wanagombana na babu zetu mpaka wakaamua ni nafuu kucheka. Nami nilijua sheria: mtani akichukua kitu chako huruhusiwi kununa. Mzee aliyekaa mbele yetu, mkulima wa tumbaku anayerudi Urambo, alinionya kwa upole. "Usikasirike, kijana. Ukikasirika tu, amekula."

Kwa hiyo sikukasirika. Treni ilikata msitu wa miombo, nami badala ya kutazama nje nilikuwa nakitazama kiuno cha mama wa watu, jambo lililomfanya mkulima wa tumbaku akohoe.

Baada ya Urambo, mkulima akiwa ameshuka, mama aliniuliza kwa sauti nyingine, isiyo ya utani: "Kinasemaje hicho kitabu?"

Nikamsimulia. Nilimsimulia na mikono yangu, nikamwonyesha daraja kwa madumu yake. Nilimwambia ninavyoona mimi: kwamba vita katika kitabu hiki ni mzigo, na kwamba anayebeba haulizwi habari kwa sababu hakuua mtu. Yeye aliuliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Huyo dereva alikuwa anakula nini? Analala chini ya lori au juu? Anamwita utingo wake jina gani, mwanangu au wewe?

"Anamwita mdogo wangu," nikasema.

Tulipokaribia Kaliua akasema, "Kaka yangu aliendesha lori la jeshi vita vya Uganda. Yuko nyumbani Usinge. Wenzake waliosimulia kupiga risasi walikuwa wanazungukwa na watu vilabuni. Yeye akifungua mdomo, wanamwuliza, ulipiga wangapi? Hakupiga. Basi alifunga mdomo, na mpaka leo hata mimi niliyezaliwa naye tumbo moja sijui alichokiona."

"Nipe basi kitabu, mama, nimalize, halafu nitakuachia umpelekee."

"Hasomi vizuri sasa, macho." Akakipapasa kitabu kiunoni. "Na wewe ni mtani. Mateka hamwamrishi aliyemteka."

Treni iliposimama Usinge alishuka bila kunitazama, kitabu kiunoni. Tiketi yangu ilikuwa inanifikisha mbele zaidi. Niliruka na begi langu, nikamkuta amesimama kando ya reli, ameniwekea robota la vitenge miguuni.

"Beba."

Nikalitwika kichwani. Alicheka mpaka akashika mbavu, akawaita wenzake waliokuwa wakiuza ndizi na viazi vya kuchemsha. "Njooni muone! Miaka yote sisi tunabeba vitambaa kutoka kwao pwani. Leo Mzaramo anambebea Mnyamwezi!"

"Nitakapokufa mtanilipa," nikasema chini ya robota.

"Ukifa nitakuja kulala ndani ya kaburi lako, wasikuzike mpaka wanipe mbuzi."

Tulikwenda hivyo hadi nyumbani kwake, nyumba ya tofali za kuchoma, mizinga ya nyuki imeegemezwa ukutani. Barazani alikuwa amekaa mwanamume mrefu mwenye mvi, anaziba pancha ya baiskeli. Nilitua robota, nikamwamkia.

"Marahaba. Umetoka wapi na huyu dada yangu mwizi?"

"Ameniibia kitabu, babu. Nimekifuata."

Mama alikitoa kiunoni, kanga ilipokuwa imekiminya, kimekunjana na kina joto, akanipa. "Msomee. Kinahusu dereva."

Kaka yake aliendelea kusugua mpira kwa msasa. Nikaanza mwanzo kabisa, si sura ya mwisho, ingawa vidole vyangu vilikuwa vinataka kurukia huko. Nilisoma lori linavyopakiwa, unga upande huu, mablanketi upande ule. Msasa ukasimama.

"Unga unawekwa chini ya turubai ya pili," akasema. "Ukilowa, watu wanakufa njaa, na hakuna aliyewapiga." Akamgeukia dada yake. "Mimi nilibeba unga, unajua? Unga na sabuni. Na barua za watu."

"Sijui," akasema mama. "Hujawahi kuniambia."

"Wewe uliuliza?"

"Niliuliza kama uliumia."

Akacheka kidogo, kisha akanipungia mkono niendelee. Nikaendelea. Kila ukurasa alikuwa na neno lake, na kila neno mama alilisogelea na kigoda chake, hadi wote wawili wakawa mbele yangu kama watoto wa chekechea. Nilikuwa nimekisoma kitabu hiki peke yangu nikadhani nimefika chini yake, kumbe kulikuwa na chini nyingine.

Jua lilipoanza kushuka tulifika pale utingo anapoachwa ng'ambo. Mzee akainua mkono.

"Atamrudia?"

"Sijui, babu. Dada yako alinipokonya kabla sijafika."

"Vizuri. Usichungulie." Akakichukua kitabu, akampa dada yake, naye akakirudisha kilipokuwa, kiunoni. "Tunasoma kidogokidogo. Kila jioni, nikimaliza kazi."

"Na mimi nilale wapi?"

"Chumba cha mizinga," akasema mama, akiwa ameshainuka kwenda kutafuta mkeka. "Nyuki hawamo, ila harufu yao imo. Mzaramo akilala humo labda ataamka na akili."

Nikaingiza begi langu chumbani. Kilinukia nta na moshi, na kitanda cha kamba kilikuwa kimeegemezwa ukutani, tayari kinanisubiri nikilaze chini.