Kiti cha Ukutani

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mke wangu, Ngoie, lilikuwa kusogea. Nilitoka jikoni na kikombe changu cha chai, naye akanipisha kwenye benchi bila hata kuniangalia. Jioni hiyo moyo wake ulisimama.

Nilipokuwa mtoto pale Kolwezi, enzi za Zaire, sinema ya mtaa wa wafanyakazi wa mgodi ilikuwa na kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Kilikuwa cha mwisho, ukutani. Mchimbaji mmoja mzee alifia pale katikati ya kicheko, na watu walisema bado anakuja kila Jumamosi. Atakayekaa mahali pake hataishi kuiona mvua ijayo. Hata ukumbi ulipojaa, watu wazima walikubali kusimama.

Jumamosi moja Ngoie, binti wa jirani yetu, alichelewa kuingia. Akaenda moja kwa moja, akakaa.

"We mutoto, toka pale!" mama mmoja akapaza sauti. "Ile kiti iko na mwenyewe."

"Akuye, mama, aje tu. Lakini akuye na tiketi," Ngoie akajibu.

Ukumbi ulicheka, na wakati ule ule baruti ililipuka mgodini. Ukuta ulitetemeka, na kiti nacho. Nilimshika kaka yangu mkono. Niliamini namwona Ngoie kwa mara ya mwisho. Yeye alijivuta hadi ukingoni mwa kiti, akapangusa nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Karibu, tata," alisema kwa heshima, kama anayemwita baba yake. "Tuangarie filamu bote pamoja."

Mvua ilikuja. Ngoie aliikimbilia miguu mitupu, akacheza mbele ya kila mlango ili mtaa mzima umwone. Tangu hapo watoto tuligombea kiti kile, na kila aliyekikalia alimwachia mzee sehemu yake. Sikuwahi kumwuliza Ngoie kama alimwona kweli. Nilimwoa, inatosha.

Kwenye matanga yake, shangazi yake aliniinamia sikioni. "Ile kiti ilimungojea."

"Basi iko na heshima, mama," nilimjibu. "Ilingoja mpaka akaona bajukuu."

Waliosikia walicheka. Kicheko kile kilikuwa cha Ngoie, nami nilikipokea kwa kichwa juu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda sinemani. Siku hizi ni ghala la unga. Mlinzi alinifungulia, nikakaa juu ya mfuko, pale pale ukutani. Kisha nikasogea kidogo, nikampisha Ngoie.