Mstari wa Munshi Gokal Chand

Miaka kumi na tisa nilikaa meza moja na Munshi Gokal Chand katika posta ya mji wetu mdogo wa Punjab. Mimi niligonga mihuri, yeye alipanga barua. Alikuwa mtu wa kuuomba radhi hata mlango akiugonga kwa bega. Huyo ndiye aliyeteuliwa kupambana na maadui wa serikali ya Waingereza.

Mwaka 1914 amri ilikuja: magazeti ya Wahindi kutoka Amerika yazuiwe. Wakulima wetu waliokwenda kupasua mbao huko walikuwa wakichapa maneno ya kuichafua serikali na kuwatumia ndugu zao. Atakayeshikwa nayo, jela. Mkuu wetu, Bwana Pettifer, hakujua hata herufi moja ya Kipunjabi.

"Gokal Chand, utayasoma yote. Ukikuta uchochezi, nitafsirie."

"Bwana mkubwa, si nitakuwa nimeshikwa nayo?"

"Wewe utayasoma kwa niaba ya Mfalme."

Magazeti yalikuja yamefichwa ndani ya vitabu vya matangazo ya majembe, basi Munshi akalazimika kuyasoma na majembe. Siku moja akaripoti: "Jembe namba saba, 'hupindua udongo wa juu ukawa chini.' Natilia shaka." Bwana Pettifer akapiga mstari mwekundu.

Kisha likaja shairi lililochanika. Lilibaki: "Ewe ulimaye ngano usiyoila." Ripoti pungufu zilikuwa zikirudishwa kwa matusi, hivyo Munshi akaukamilisha ubeti mwenyewe: "Mundu umo mkononi, wangoja nani akuonyeshe shina?"

Ripoti ikachapwa, ikapelekwa kila wilaya ili maofisa waujue uchochezi wakiuona. Makarani wa huko wakaitafsiri tena kwa Kipunjabi. Haikupita miezi miwili, vibarua wa mfereji wakawa wanaimba mstari ule huku wakichimba, na polisi wakawakamata kumi na mmoja.

Munshi hakula siku mbili. Siku ya tatu aliingia kwa Bwana Pettifer, nami nikiwa mlangoni.

"Bwana mkubwa, mstari ule ni wangu. Waachieni wale watu, nifungeni mimi."

"Wako? Na nani aliuchapa?"

"Serikali, bwana mkubwa."

"Na nani aliitia sahihi ripoti?"

"Wewe, bwana mkubwa."

Bwana Pettifer akachovya kalamu wino.

"Basi si wako," akasema. "Ni wa mshairi wa Amerika. Na wale vibarua nitawaandikia polisi wawaachie, walikuwa wanaimba ripoti ya serikali."

Nje nilimshika mkono. "Bhai, ndugu yangu, umepona!"

"Nimepona nini?" akanijibu kwa uchungu. "Ubeti mmoja tu maishani mwangu, na wamempa mtu asiyekuwepo."

Serikali ikaanza kumtafuta mshairi huyo. Barua ikaja kutoka kwa wapelelezi wake wa San Francisco. Kwa kuwa ilitoka Amerika, ilipita kwanza mikononi mwa Munshi. Waliuliza mtu huyo anafananaje. Bwana Pettifer akamwachia ajibu.

Alitafuna kalamu hadi adhana ya alasiri. Akaandika: mrefu, ndevu nyingi, macho makali, hamwogopi mtu. Akaisoma mara mbili, akanisogezea nigonge muhuri.

"Gonga vizuri," akasema. "Usimchafue."