Zamda alipima seva, makofi akapigiwa mwingine

Saa tatu asubuhi mjini Korogwe, Zamda Sufiani amepiga magoti nyuma ya kaunta, anapangusa vumbi kwenye seva, kompyuta kuu ya duka. Bosi wake, Taher Gulamhussein, anampita bila kumsalimia.

"Nimeshazoea," anasema Zamda, na kucheka kicheko kisicho na furaha.

Zamda (36), mzaliwa wa Kwedizinga, ni fundi wa kompyuta wa duka hili la jumla la mbegu, lenye matawi Handeni na Kabuku. Kaunta zote kumi na nne huingiza mauzo kwenye seva hiyo moja.

Mwaka jana ilinunuliwa seva mpya yenye kori 32, yaani vichwa 32 vinavyofanya kazi kwa mpigo. Kwa miezi mitatu Zamda alilinganisha hifadhidata mbili huria, yaani programu za bure za kutunza rekodi za mauzo. Kwa kori nne, ya kwanza ilimaliza miamala 1,900 kwa sekunde, ya pili 1,500. Kori zote zilipowashwa na kaunta zote zikaingia pamoja, ya kwanza ilikwama kwenye 2,300. Ya pili ilifika 9,800.

Aliyaandika hayo kurasa kumi na moja. Bosi hakuzisoma. Alitaka kuona kwa macho yake, tena Ijumaa mchana, duka likiwa limefungwa kwa swala, ili wateja wasisumbuliwe.

"Nikamwambia, bosi, kaunta zimefungwa, hapa utaona kazi ya mtu mmoja tu. Akasema, 'Wewe bonyeza.' Ya kwanza ikakimbia, akachagua hiyo."

Masika yakaanza. Wakulima walifurika matawi yote asubuhi moja, kaunta zikaganda. Kwenye foleni alikuwamo mama mdogo wa Zamda, Maryamu, aliyetoka Kwedizinga kufuata mbegu. Alirudi mikono mitupu, mvua inanyesha, baada ya kumsikia bosi akifoka: "Muulizeni Zamda na vitu vyake vya bure!"

Akaitwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam. Alizisoma zile kurasa siku mbili, akaziwasilisha kwa jina lake. Hifadhidata ya pili ikawekwa, na tangu hapo hakuna kaunta iliyoganda. Mtaalamu alipigiwa makofi. Zamda alitumwa chai.

Huo ni uonevu, hauna jina lingine. Taher, alipoulizwa, alijibu kwa mkato: "Si inafanya kazi?"

Zamda anasubiri vuli.

"Mama mdogo atakuja tena kuchukua mbegu. Sitaki nyongeza wala cheti. Nataka bosi amwambie palepale kaunta kwamba mwanao alisema kweli. Akimwambia, nabaki. Asipomwambia, barua ya kuacha kazi nimeshaiandika."