Msoma Mita Aliyeona Akanyamaza

Saa mbili na robo asubuhi sakitu, umande ulioganda kwa baridi, bado imelala kwenye majani ya mtaa wa Invermay, na Murray Bramich anafungua geti la pembeni la nyumba ya kwanza. Hapigi kengele. Anaita "Mita!" kwa sauti ya kuamsha mtaa, kisha anasimama kidogo, mkono kwenye komeo, akisikilizia mbwa.

Mbwa hayupo. Sauti ya mwanamke inamjibu kutoka jikoni kwamba apite, mlango wa nyuma uko wazi.

Mwenye nyumba ni Dulcie Rockliff, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyevaa gauni la kulalia na buti za mpira. Mita yake iko kwenye baraza la nyuma, juu ya mashine ya kufulia. Murray anainama, anamulika tochi, anaingiza namba kwenye mashine yake ya mkononi. Halafu anatoa ufunguo mfukoni na kuuweka juu ya sabuni ya unga.

"We Murray, kumbe bado upo," Dulcie anamtania. "Mimi nilisikia mmefutwa wote."

"Nipo mpaka Ijumaa, mama. Chukua ufunguo wako, nisije nikaitwa mwizi."

"Ungekuwa mwizi ungeshaiba zamani. Ila humu utaiba nini, labda huyo paka."

Wanacheka wote wawili, na Murray anatoka. Ana funguo nyingine arobaini za kurudisha kabla wiki haijaisha. Ni funguo za watu ambao mchana wako kazini na ambao kwa miaka mingi walimwamini aingie, asome, afunge, aondoke.

Murray ana umri wa miaka sitini na mbili, na hii ndiyo wiki yake ya mwisho. Mita mpya zinatuma namba zenyewe hadi ofisini, na kufikia Ijumaa kila nyumba ya upande huu wa mto itakuwa nayo. Hakuna atakayehitaji kufungua geti tena.

Niseme ukweli wangu mapema. Nimeishi hapa Launceston, mji wa kisiwa cha Tasmania kusini mwa Australia, miaka ishirini na sita, na mimi ni mmoja wa wale waliojificha nyuma ya pazia wakijifanya hawapo. Msoma mita alikuwa akinikuta na taulo kichwani na vyombo vya jana kwenye sinki, nami nilimwona msumbufu. Waliponifungia mita mpya mwaka jana nilifurahi. Wiki hii nimemfuata Murray na daftari langu, na furaha ile sijivunii tena.

Aliingia kazi hii mwaka 1991, baada ya kiwanda cha nyuzi alichofanyia kazi pamoja na baba yake kufungwa. Wanaume wengine wa kiwandani walikwenda migodini upande wa magharibi. Yeye alikuwa na mke mjamzito, akachukua kazi ya kwanza iliyokuwa na viatu vya bure. Leo analipwa dola thelathini na moja kwa saa. Kwa siku anasoma nyumba mia tatu na kutembea kilomita kumi na saba, nyingi za kupanda na kushuka. Ameumwa mara tisa: nane na mbwa, moja na bata bukini.

Aliyemfundisha kazi alikuwa mzee mmoja aliyekaribia kustaafu, jina lake Basil. Walitembea pamoja wiki mbili. Kusoma namba, anasema, alijifunza siku ya kwanza. Siku zilizobaki Basil alimfundisha kunyamaza.

Alimwambia kwamba msoma mita ndiye mtu pekee anayeingia nyumba za watu bila kualikwa na bila kuogopwa, na kwamba hilo litadumu kwa sharti moja. Ukionacho ndani, kiache ndani. Usikitaje kwa jirani, usikitaje kwa mkeo, usikitaje hata kwa mwenye nyumba.

Murray alilishika sharti lile kama sala. Kulikuwa na bwana mmoja aliyefuga kuku bafuni. Kulikuwa na mwanamke aliyemwambia mumewe ameuza piano, na piano ilikuwa palepale kwenye chumba cha kufulia, imefunikwa shuka. Kwa miaka minne Murray alilipita lile shuka kila baada ya miezi mitatu, na hata siku ambazo mume alisimama pembeni yake hakumwambia neno.

"Nilijivunia," anasema. "Nilijiona kama daktari vile."

Tunafika nyumba namba kumi na nne, ya mbao, yenye rangi mpya ya kijivu. Hapa Murray haiti. Wenye nyumba ni vijana waliohamia mwaka jana. Anapita kimya hadi nyuma, anasoma, anarudi haraka kuliko alivyoingia. Nilipomuuliza kulikoni, alikaa ukingoni mwa barabara na kuvua kofia.

Nyumba hii ilikuwa ya Enid Viney. Murray alisoma mita zake kwa miaka kumi na tisa.

Nasema mita zake kwa sababu nyumba nyingi za hapa zina mbili. Moja ni ya taa na soketi, nyingine ni ya joto na tangi la maji ya moto. Za Enid zilikuwa zimekaa pamoja ndani ya baraza la nyuma, hatua nne kutoka jikoni. Hakuwahi kutoa ufunguo. Alipenda kufungua mwenyewe, na tarehe ya kusomewa aliijua kwa sababu ilikuwa inaandikwa kwenye bili.

Miaka miwili iliyopita, mwezi Agosti, ambao huku ni kipindi cha baridi, siku ya mvua iliyopiga kwa ubavu, Murray aliingia akiwa amelowa. Alisoma mita ya kwanza, sawa. Akasoma ya pili, na mashine ya mkononi ikalia. Mashine hulia namba ikiwa ndogo kuliko inavyotegemewa. Msomaji anaangalia upya, anaingiza tena namba ileile, nayo inanyamaza.

Ile mita ilikuwa imesogea kidogo mno tangu Mei. Murray aligeuza kichwa na kutazama jikoni. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria kubwa inayochemka. Chini, karibu na mlango wa bafu, kulikuwa na beseni, taulo, na kipande cha sabuni.

"Watu wakiniuliza nawaambia sikujua," anasema. "Nilijua. Tangi lilikuwa limekufa. Bibi wa miaka themanini na sita alikuwa anabeba maji yanayochemka aende kuoga, katikati ya baridi, na mimi nilijua hilo kabla sijanyanyua mguu."

Mashine ilikuwa bado inalia. Enid, aliyekuwa amesimama nyuma yake amevaa sweta mbili, alimuuliza, "Kila kitu sawa huko kwenye mita, mwanangu?"

Murray aliingiza namba tena. Mashine ikanyamaza.

"Sawa kabisa, mama," akajibu.

Nyumba sitini zilikuwa zimebaki, anasema, na mvua haikuwa na dalili ya kukatika. Lakini anajua pia kwamba hata jua lingewaka asingesema. Alijiambia ni mambo ya ndani. Pengine bibi anabana matumizi, pengine ameshaita fundi, na mtu mzima huwezi kumuuliza anavyooga. Miaka zaidi ya thelathini ya kunyamaza ilimtoa mlangoni akiwa na dhamiri safi.

Ile dhamiri ilidumu hadi Novemba. Aliporudi na kuita, alifunguliwa na mtu mwingine: Roslyn, binti wa Enid, aliyetoka Townsville, mbali kaskazini mwa Australia, kuja kufunga nyumba. Mwishoni mwa Septemba mama yake alikuwa ameteleza akiwa na sufuria mikononi. Maji yalimuunguza mguu kuanzia gotini kwenda chini, na nyonga ikavunjika. Alilala sakafuni hadi jirani alipoona pazia halijafunguliwa. Baada ya hospitali alipelekwa makao ya wazee, na kurudi nyumbani hakukuwepo tena.

Roslyn hakumlaumu Murray. Alikuwa akijilaumu mwenyewe, kwani ndiye aliyemkataza mama yake asifungulie wageni, baada ya mafundi fulani wa paa kumtisha bibi huyo. Enid alitii. Hakumwita fundi bomba, hakumwita yeyote. Roslyn alimwonyesha Murray kalenda ya jikoni. Kwenye tarehe ya Agosti kulikuwa na maandishi ya penseli: *Murray. Nimuulize maji ya moto.*

Kwa Enid, msoma mita hakuwa mgeni. Alikuwa amemngoja yeye.

Roslyn alitaka kujua kama mama yake aliuliza. Murray alimjibu kuwa hapana, hakuuliza kuhusu maji ya moto.

"Na kweli, hayo maneno hakuyasema," Murray anasema, akiikunja kofia. "Yaani nilichagua ukweli unaonifaa. Mtoto wa watu akanishukuru."

Makao anakoishi Enid yako ng'ambo ya mto, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa gari. Kwa miaka miwili Murray ameendesha hadi pale mara tatu, akaegesha, akakaa ndani ya gari, akarudi. Mara moja alikuwa na biskuti za shayiri zilizookwa na mkewe. Alizila zote palepale akitazama mlango.

Nilimuuliza kama naweza kwenda kumwona bibi huyo. Aliikunjua kofia, akaniambia niende. Akaniomba nimwambie Enid kwamba alijua. Kazi yangu si kubeba salamu za watu, lakini hizi nilizibeba.

Jumatano mchana nilimkuta Enid Viney dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi miguuni. Ana miaka themanini na minane, masikio mazima, na ulimi usioomba ruhusa. Alilalamikia supu. Alimlalamikia mwenzake wa chumba cha pili anayeimba. Nilipotaja jina la Murray aliacha kulalamika.

Siku ile ya Agosti anaikumbuka. Alikuwa amejiandaa kumwambia tangu asubuhi, hata maneno aliyapanga. Alipomwona akaingiwa na haya.

"Alikuwa amelowa chapachapa, maji yanamdondoka puani," alisema. "Nikamuuliza kuhusu mita nikidhani ataona mwenyewe. Akasema sawa. Basi nikasema nitamwambia akija tena. Miezi mitatu si mingi."

Hapo ndipo nilipomwambia kwamba Murray aliona. Nilimweleza kuhusu mashine iliyolia, na sufuria, na beseni, na kwamba alielewa kila kitu akanyamaza.

Enid aliutazama mguu wake, nami nikaanza kujutia kuja. Sikuwa nimemletea faraja yoyote. Nilikuwa nimemwongezea jambo.

"Nyumba yangu imeuzwa," alisema. "Wameipaka rangi, Roslyn alinionyesha picha. Nilizaa watoto watatu mle." Akavuta blanketi. "Nimekasirika. Usiende kuandika nimesamehe, sijasamehe. Lakini nimkasirikie nani hapa, huyu anayeimba? Miaka kumi na tisa anaingia kwangu, hajawahi kukaa hata mara moja. Mwambie aje akae, nimseme."

Alhamisi nilimkuta Murray mtaa wa juu, akiwa na funguo tatu zilizobaki. Nilimweleza yote, la nyumba na la kutosamehe, sikupunguza kitu. Aliniomba nirudie maneno ya mwisho kama yalivyosemwa, nikarudia. Alizima mashine ya mkononi na kuitia kwenye begi, ingawa mtaa ulikuwa haujaisha.

Kuhusu maisha baada ya Ijumaa hana mengi ya kusema. Amepata kazi ya kuendesha basi la shule asubuhi na jioni kuanzia muhula ujao, na anasema watoto wakipiga kelele afadhali, kimya amekitumikia vya kutosha. Mkewe anataka wapake rangi banda la nyuma. Lakini kabla ya yote hayo kuna Jumamosi. Alitaka kujua pale wanapokea wageni saa ngapi. Nilimwambia kuanzia saa nane, akasema atafika saa nane kasoro, na safari hii atashuka garini.

Nilimwonya kwamba yule bibi ana maneno mengi, na mengine yatauma, na anaweza kumsema hadi jioni.

"Aseme," Murray alinijibu. "Nitakaa mpaka amalize."